Majenerali Watano na Askari Mmoja Mtoro

Mwaka ni 1943. Mabrigedia watano wa majeshi ya Washirika, wawili Wamarekani, wawili Waingereza na Mfaransa mmoja, wamefungwa katika jumba la kifahari kaskazini mwa Italia. Wanalala pazuri, wanakula vizuri, na mkuu wa gereza lao, Kanali Ferrucci, alikuwa meneja wa hoteli kabla ya vita na hajaacha tabia za kazi yake ya zamani. Kutoroka hapo hakuhitaji ushujaa mkubwa. Kinachowashinda ni cheo. Wote watano wako ngazi moja, kila mmoja ana mpango wake, na kwa kuwa hakuna awezaye kumwamuru mwenzake, mipango inajadiliwa kwa heshima zote na hakuna hata mmoja unaotekelezwa.

Hicho ndicho kisa cha *The Secret War of Harry Frigg*, filamu ya Marekani iliyotoka 1968 chini ya uongozaji wa Jack Smight. Makao makuu ya Washirika yanaona aibu: majenerali watano wako mikononi mwa adui na hawajaribu hata kuondoka. Dawa inayopatikana ni ya ajabu. Anatafutwa Harry Frigg, askari asiye na cheo chochote, mtovu wa nidhamu, ambaye kipaji chake pekee ni kutoroka kutoka magereza ya jeshi lake mwenyewe. Anavishwa nyota mbili za meja jenerali ili awe mkubwa kuliko wale watano, kisha anapelekwa Italia akakamatwe, aingie jumbani, atoe amri. Frigg ni Paul Newman.

Filamu hii haihesabiwi miongoni mwa kazi kubwa za Newman, na sitajaribu kuipandisha ngazi isiyokuwa yake. Imebanwa kati ya *Cool Hand Luke* ya 1967 na *Butch Cassidy and the Sundance Kid* ya 1969, nayo inapotea katikati ya majina hayo kama mtoto wa kati katika nyumba yenye watoto wengi. Sehemu yake ya kati inakwenda polepole kupita kiasi. Newman mwenyewe, katika dakika za mwanzo, anaigiza ujinga wa Frigg kwa nguvu nyingi mno, akikunja uso na kukodoa macho pale ambapo kusimama tu kungetosha. Lakini wazo lililoibeba ni zuri sana, na kadiri mtu anavyosoma historia ya mateka wa vita nchini Italia ndivyo linavyozidi kuonekana kuwa karibu na mambo yaliyotokea kweli. Ndiyo sababu ninaandika kuihusu leo, na ndiyo sababu naamini inastahili kutazamwa tena.

Tuanze na walioitengeneza. Waandishi wake, Peter Stone na Frank Tarloff, walikuwa tayari wamepata Oscar pamoja na mwenzao S. H. Barnett kwa *Father Goose* ya 1964, kichekesho kingine cha wakati wa vita. Tarloff alijua maana ya kufungiwa milango, kwa kuwa katika miaka ya hofu ya ukomunisti nchini Marekani jina lake liliwekwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi Hollywood, akalazimika kuandika kwa jina bandia. Newman naye alikuwa ameiona vita: alitumikia jeshi la wanamaji la Marekani katika Pasifiki, akiwa fundi wa redio na mpiga bunduki katika ndege za kurusha torpedo. Kwa hiyo, waliokuwa wakichekesha hapa walijua wanachokichekea.

Kuichekea vita lilikuwa jambo la kawaida katika miaka ya sitini, na si Marekani peke yake. Mwaka 1966 Wafaransa walijazana kumbi za sinema kuitazama *La Grande Vadrouille*, ambamo Bourvil na Louis de Funès wanawakimbia Wajerumani huku wakiwaficha marubani wa Kiingereza. Kwa miaka mingi hakuna filamu ya Kifaransa iliyopata watazamaji wengi kama hiyo nyumbani kwake. Kwenye televisheni ya Marekani, kuanzia 1965 hadi 1971, kulikuwa na *Hogan's Heroes*, mfululizo wa vichekesho kuhusu mateka wanaoendesha shughuli zao za siri chini ya pua ya walinzi. Wengi waliukasirikia wakisema kambi ya Wajerumani si mahali pa kuchekea. Lakini Werner Klemperer, aliyeigiza mkuu wa kambi Kanali Klink, alikuwa Myahudi ambaye familia yake iliikimbia Ujerumani ya Hitler, na alikubali kazi hiyo kwa sharti kwamba Klink asishinde hata siku moja. Robert Clary, aliyeigiza mateka Mfaransa, alikuwa amenusurika kambi ya Buchenwald. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Mtu wa namna hiyo anapoamua kumcheka askari wa Kijerumani, mimi sina la kumfundisha.

Turudi jumbani. Sehemu iliyo bora kabisa ya filamu ni uhusiano wa Ferrucci na wafungwa wake. Vito Scotti, mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Kiitaliano, anamwigiza kanali huyo kama mtu ambaye furaha yake yote ni kuona wageni wake wameridhika. Hana chuki. Anachotamani ni kupanda cheo awe jenerali, nacho cheo chenyewe kiko njiani kuja. Na hapa ndipo waandishi walipopata fundo la kisa chao. Usiku wa kutoroka unapowadia, mateka wanakumbuka kwamba wakiondoka sasa, Ferrucci ataadhirika na cheo kitapotea. Wanaamua kusubiri hadi apandishwe. Wanakaa gerezani kwa hisani yao kwa mlinzi wao.

Wakati huo Frigg ana sababu yake ya kuchelewa. Mwenye jumba ni Francesca, mwanamke wa ukoo wa kitajiri aliyehamishiwa nyumba ya langoni, naye anaigizwa na Sylva Koscina. Kuna njia ya siri inayotoka chumbani kwa Frigg hadi kwake. Mtoro hodari kuliko wote jeshini amepata mlango wa kutokea, na kila usiku anautumia kwenda na kurudi. Natamani Koscina angepewa zaidi ya kuwa mrembo mwenye busara, kwa maana kila anapopata nafasi ya kuzungumza kwa kirefu anaonyesha kuwa ana uwezo wa kumzidi Newman. Ni yeye anayegundua mapema kwamba huyu hawezi kuwa jenerali, na namna anavyolipokea jambo hilo, bila kumdhalilisha, ni ya kupendeza mno.

Sasa historia yenyewe. Majenerali wa Washirika walifungwa kweli katika majumba ya Italia. Mwezi Aprili 1941, katika vurugu za mapigano ya Libya, Waingereza walipoteza kwa mkupuo mmoja makamanda wao wakubwa: Philip Neame na Richard O'Connor walikamatwa usiku pamoja na Brigedia John Combe. Mwezi huohuo ndege iliyombeba Adrian Carton de Wiart iliangukia baharini karibu na pwani ya Libya, naye akaogelea hadi nchi kavu na kuingia mikononi mwa Waitaliano. Walipelekwa kwanza Villa Orsini karibu na Sulmona, kisha katika ngome ya Vincigliata, juu ya vilima vya Fiesole vinavyotazama Florence. Ngome hiyo ilikuwa gofu la kale, na katika karne ya 19 ilijengwa upya na Mwingereza tajiri, John Temple-Leader. Hivyo majenerali wa Kiingereza walifungiwa ndani ya kuta zilizosimamishwa kwa fedha za Mwingereza mwenzao.

Watu hao wangeweza kujaza filamu tatu. Neame alikuwa amepata nishani ya Victoria Cross mwaka 1914, na mwaka 1924 akapata dhahabu ya Olimpiki ya ulengaji shabaha mjini Paris; hakuna mtu mwingine duniani mwenye vyote viwili. Carton de Wiart, mwenye Victoria Cross naye, alipoteza jicho Somaliland mwaka 1914 akipigana katika kikosi cha ngamia, na mwaka uliofuata akapoteza mkono wa kushoto huko Ulaya. Kulikuwa pia na mabrigedia wawili wa New Zealand, James Hargest na Reginald Miles.

Tofauti na mabrigedia wa filamu, hawa hawakushindwa kukubaliana. Neame alikuwa mhandisi wa jeshi, basi akachora mpango wa handaki. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa dogo lililofungwa. Wakajipenyeza humo, wakaanza kuchimba Septemba 1942, na udongo wote wakaurundika humohumo kanisani ambako walinzi hawakuingia. Fikiria majenerali waliovuka miaka 50, waliokuwa wakiamuru maelfu ya watu, sasa wamepiga magoti gizani, wakikwangua mwamba kwa vifaa vya kuokoteza na kupokezana ndoo za udongo. Kazi hiyo ilichukua miezi saba. Usiku wa tarehe 29 Machi 1943, watu sita walitokea upande wa pili wa ukuta.

Carton de Wiart alikuwa na umri wa miaka 62, jicho moja, mkono mmoja, na hakujua Kiitaliano. Akajifanya mwanakijiji na kuanza kutembea kwa miguu kuelekea kaskazini pamoja na O'Connor. Walidumu siku nane kabla ya kukamatwa. Combe alikamatwa Milan. Jemadari wa jeshi la anga, Owen Boyd, alifika Como, karibu kabisa na mpaka, akakamatwa hapo. Lakini Hargest na Miles walivuka na kuingia Uswisi. Waandishi wa Hollywood wangemleta mzee mwenye kiraka jichoni akitembea barabarani akidhani hatambuliki, watazamaji wangesema wametia chumvi.

Miezi michache baadaye mambo yakageuka kichekesho hasa. Waitaliano, wakitaka kujitoa vitani kwa siri, walimtoa Carton de Wiart kifungoni mwezi Agosti ili aandamane na Jenerali Zanussi hadi Lisbon kwenye mazungumzo, kusudi Washirika waamini kwamba ujumbe ni wa kweli. Mfungwa aliyetoroka na kukamatwa tena sasa alikuwa anasindikizwa na waliomfunga, akiwa amevaa suti, kuelekea uhuru.

Kuondoka kwa Italia vitani ndiko kunakoleta sehemu nzito ya filamu, na ndiko kunakoifanya niiheshimu. Mkataba wa kusitisha vita ulitangazwa tarehe 8 Septemba 1943. Kwenye filamu, Ferrucci anafikia cheo chake, sherehe inafanyika, na ndipo Wajerumani wanapoingia na kuwachukua wote, mlinzi pamoja na wafungwa, kwenda kwenye kambi isiyo na meneja wa hoteli. Hisani yao imewaponza. Vicheko vinapungua ghafla, na Werner Peters, akiwa afisa wa Kijerumani, analeta ubaridi ambao filamu haikuwa nao.

Hayo yaliwakuta watu halisi kwa maelfu. Wakati wa mkataba kulikuwa na mateka wa Washirika wapatao 80,000 nchini Italia. Kambi nyingi zilikuwa zimepokea kwa siri amri kutoka London kwamba wafungwa wabaki mahali walipo hadi majeshi ya Washirika yawafikie, kwa sababu wakuu walidhani yangefika upesi. Walinzi wa Kiitaliano wakatoweka, milango ikabaki wazi, na maafisa waandamizi, kwa utiifu wao, wakawazuia askari wao wasitoke. Wajerumani walipofika, wakawakuta wamekaa, wakawapakia kwenye mabehewa. Zaidi ya nusu ya mateka hao waliishia Ujerumani. Filamu ya Smight haikuwahi kudai kwamba inasimulia habari hiyo. Hata hivyo, katika filamu za vita za wakati wake nilizozitazama, sijaona nyingine inayosema wazi hivi kwamba mtu anaweza kubaki gerezani kwa sababu ya adabu na utiifu wake mwenyewe.

Kulikuwa na kambi moja ambako mambo yalikwenda kinyume. Kule Fontanellato, karibu na Parma, mkuu wa kambi Eugenio Vicedomini aliwafungulia mateka wapatao 600 kabla Wajerumani hawajafika, wakatoka kwa mpango kama waendao gwaride na kutawanyika mashambani, ambako wakulima maskini wa Kiitaliano waliwaficha na kuwalisha kwa kuhatarisha maisha yao. Vicedomini alibaki kituoni kwake. Wajerumani walimkamata wakampeleka kambini kwao. Namkumbuka kila nimwonapo Ferrucci akiwamiminia wageni wake mvinyo. Kanali wa kuigiza alipata cheo. Huyu wa kweli hakupata chochote.

Ni lazima pia isemwe kambi za namna hii zilikuwa za nani. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliwalinda mateka, na maafisa walipewa heshima za pekee: hawakulazimishwa kazi. Pale ambapo pande mbili ziliuheshimu, ucheshi uliweza kuota. Kwingine haukuweza. Kati ya askari wa Kisovieti wapatao milioni 5.7 waliotekwa na Wajerumani, takriban milioni 3.3 walikufa, wengi wao kwa njaa na baridi. Mwezi Juni 1940, huko Chasselay karibu na Lyon, askari wa Kiafrika waliokuwa wakipigania Ufaransa waliuawa na Wajerumani baada ya kusalimu amri, huku maafisa wao weupe wakichukuliwa mateka. Hakuna kichekesho cha kutoroka kinachowahusu watu hao, na hakiwezi kuwepo, kwa sababu hawakuachiwa nafasi ya kuwa wafungwa. Nadhani mtazamaji wa *Harry Frigg* anaweza kucheka kwa moyo wote na bado akakumbuka kwamba jumba lile lilikuwa na wageni wateule.

Na kuna upande wa pili wa habari hii, ulio karibu na sisi. Wakati Waitaliano wakiwashikilia majenerali wa Kiingereza, Waingereza walikuwa wakiwashikilia Waitaliano nchini Kenya. Mei 1941 Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia nchini Ethiopia, alisalimu amri Amba Alagi. Waingereza walimpa makazi katika nyumba ya wawindaji karibu na Donyo Sabuk, wakampa heshima zote za cheo chake. Ni jumba la filamu lililogeuzwa. Hakutoka. Aliugua na kufariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri hadi leo. Maelfu ya watu wake walitawanywa makambini, na kazi ya mikono yao inajulikana na kila asafiriye kutoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini: ile njia ya kuteremka Bonde la Ufa, na lile kanisa dogo la Mai Mahiu walilolijenga 1942.

Katika kambi namba 354 ya Nanyuki alikuwepo Felice Benuzzi, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa Addis Ababa. Kila mawingu yalipofunguka aliuona Mlima Kenya, na ukamtesa. Yeye na wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walijitengenezea vyuma vya kukanyagia barafu kwa mabati chakavu na seng'enge ya kambi, wakaweka akiba ya chakula kutoka posho zao, na kwa ramani wakawa na picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Wakatoroka Januari 1943. Hawakuwa wakielekea mpaka wowote. Walipanda mlima; Benuzzi na Balletto wakashindwa na kilele cha Batian, wakafika kile cha Lenana chenye mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, wakateremka na njaa kali, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi, Mwingereza aliyependezwa na ari yao, akawaachilia baada ya siku 7.

Miezi miwili tu ndiyo iliyotenganisha kutoroka kwao na handaki la Vincigliata. Benuzzi aliandika kitabu kilichotoka 1947, na mwaka 1994 kikazaa filamu, *The Ascent*. Lakini filamu ambayo ningetamani kuiona haijatengenezwa. Kisa hiki kina askari ambao hawajapewa mdomo: walinzi wa Kiafrika waliovalishwa sare na Waingereza wawalinde wazungu waliotoka kupigana na wazungu wenzao. Miongoni mwa askari wa King's African Rifles walikuwemo watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakizungumza Kiswahili wao kwa wao, na wengine wao ndio waliowashinda Waitaliano hao huko Ethiopia. Sasa waeleze ni kwa nini watu watatu wameruka kambi, wamekaa mlimani zaidi ya wiki mbili, kisha wamerudi mlangoni kuomba kuingia. Mwandishi wa filamu wa Nairobi, Arusha au Kampala mwenye sikio zuri la mazungumzo ya lindoni ana kichekesho kamili hapo, chenye cheo, adabu, ujinga na upendo wa mlima, na wahusika wake wakuu wanaweza kuwa walinzi wawili na sajini wao, mmoja akisema waandikwe watoro, mwingine akisema hapana, hawa wamerudi, mtoro harudi, na sajini akitafuta kwenye kitabu cha kanuni ukurasa ambao haupo.